Sahani Kumi na Nne za Jiografia

Jumatatu, 1 Novemba 1954

Siku mbaya. Asubuhi Bwana Mkuu wa Chuo cha Ualimu katukusanya ukumbini, mwaka wa kwanza sote thelathini. Katangaza kwamba mtihani wa kufunga mwaka utaanza tarehe 22. Atakayeanguka somo lile lile aliloanguka mwezi wa Juni atafunga sanduku lake aende kwao, wala asije kumlilia mtu ofisini. Alipokuwa akisema hayo aliangalia dari. Lakini alikuwa ananisema mimi.

Juni nilipita masomo yote ila Jiografia. Nilipata kumi na moja kwa mia. Niliandika kwamba Mto Pangani unaanzia Pangani, maana kama ungeanzia kwingine ungeitwa jina la huko. Mpaka leo sioni kosa la hoja hiyo. Mwalimu Asheri, anayetufundisha Jiografia, aliisoma kwa sauti mbele ya darasa, na rafiki yangu Uweso, ambaye kwao ndiko Pangani, hakunisemesha siku mbili.

Bwana Mkuu katupa na nasaha za kufaulu. Mtu awe na ratiba. Akae mbele. Aulize maswali. Asome pamoja na wenzake. Nimeziandika zote. Si mbaya, ila zinataka mtu mwenye akili wa kuzitengeneza.

Jioni barua ya Baba. Baba yangu, mzee Manase, ni nyapara wa wakata mkonge huko kwenye shamba la upande wa Muheza. Hajui kuandika. Barua zake huandikiwa na mzee Kristofa, nyapara wa korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge na kutoa nyuzi. Na mwana wa mzee Kristofa ndiye Ernesti, ninayelala naye bweni moja, kitanda kwa kitanda. Baba anasema wote hawajambo, mbuzi kazaa, Mama ananiombea. Chini yake upo mstari ambao najua Baba hakuusema: ikitokea bahati mbaya nisione haya, nafasi ya kubeba majani pale kwenye korona ipo.

Nimeona haya hapo hapo. Januari kambi nzima ilinisindikiza mpaka barabarani kwa nyimbo. Wanawake wameshaanza kumwita mama yangu Mama Mwalimu. Nikirudi na sanduku kichwani ataitwa tena Dorkasi tu, na hilo naliogopa kuliko korona.

Jumatano, 3 Novemba

Ratiba imekwisha! Kazi ya siku mbili. Karatasi kubwa, rula, wino wa rangi tatu: mweusi wa kusoma, mwekundu wa kupumzika, wa buluu chakula na sala. Kila nusu saa ina chumba chake. Nimeibandika juu ya kitanda. Uweso kaitazama, kasema inapendeza, lakini mbona nyekundu imezidi. Nimemweleza kwamba akili ni punda, ukiipakia mno inalala njiani.

Katika siku mbili hizo Ernesti kasoma sura tatu. Namhurumia. Hana mpango wowote. Anaamka, ananawa uso, anafungua kitabu, anasoma, anakifunga. Mtu mzima anaishi hivyo!

Baada ya kuibandika nimegundua kwamba ratiba inaanza Jumatatu. Basi tangu leo mpaka Jumapili sina la kufanya. Nimelala.

Ijumaa, 5 Novemba

Nimehamia dawati la mbele kabisa. Nimemtoa Ernesti kwa kumwambia macho yangu hayaoni mbali. Kakubali upesi mno, jambo lililonitia shaka.

Nasaha ya tatu: maswali. Nikaona nisiulize swali dogo, maana maswali madogo wanauliza wasiojua. Nikamwuliza Mwalimu Asheri, kama kweli dunia inazunguka, kwa nini mtu wa Kigombe akiruka juu haangukii Muheza. Darasa lilicheka mpaka madirisha yakatikisika. Mwalimu Asheri hakucheka. Kasema ni swali zuri kuliko yote aliyoulizwa mwaka huu, na kwa ajili ya uzuri wake niende nikatafute jibu mwenyewe, Jumatatu nisimame nieleze kwa dakika kumi.

Kumbe kuuliza ni kujitafutia kazi. Kwa nini Bwana Mkuu hakutuonya?

Jumatatu, 8 Novemba

Nilisimama. Nilisema ni mapenzi ya Mungu, nikakaa. Mwalimu Asheri akatazama saa yake, akasema zimebaki dakika tisa na sehemu kubwa ya dakika ya kumi, je, yupo wa kumsaidia ndugu yetu. Ernesti kasimama. Kaeleza habari ya mtu aliyepanda gari la moshi la Tanga akarusha chungwa juu na likarudi mkononi mwake, kwa sababu chungwa nalo linasafiri. Darasa zima likaelewa. Mimi sikuelewa, maana nilikuwa nimekasirika.

Baada ya chakula nikatekeleza nasaha ya nne. Nimeunda Chama cha Kusoma Jiografia. Wanachama: mimi, Uweso, Ernesti. Nia yangu ya siri: Ernesti asome, aeleze, sisi tusikilize. Lakini chama bila uongozi ni kundi la mbuzi, kwa hiyo tulianza na uchaguzi. Nikasimama kugombea uenyekiti. Uweso akanipigia kura. Ernesti akauliza kama tunaweza kufungua kitabu wakati kura zinahesabiwa. Nikamwambia hilo ni jambo la kujadiliwa chini ya mengineyo. Tukapitisha katiba hadi kifungu cha sita, kengele ikalia.

Ernesti kajiuzulu. Kajiuzulu kwa mdomo, bila barua! Uweso kasema ukiona mkutano umefika kifungu cha sita bila mto hata mmoja kutajwa, ujue Jiografia haimo. Naye kajiuzulu. Nimebaki mwenyekiti.

Ratiba ilipaswa kuanza leo. Sikuwa na nafasi.

Jumanne, 9 Novemba

Siku kubwa! Nimepona!

Wenzetu Waislamu wamepewa ruhusa ya Maulidi, na Uweso kaniombea nami, eti shangazi yake hawezi kupika pilau yote ile akala peke yake. Tukaenda mjini, Ngamiani, kwa Bi Mwanamkasi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba mwanangu, akanishika mkono akaugeuza akasema huko chuoni mnasomeshwa au mnafungwa, mbona umekonda hivi. Akanipa kiti karibu na sinia. Ni mwanamke mwenye busara.

Ndani alikuwako mjukuu wake, ana homa siku ya tatu. Akaja maalim wa jirani, mzee mtaratibu, kashatia udhu. Akaomba sahani nyeupe. Akachovya kijiti katika zafarani iliyochanganywa na maji ya waridi, akaandika sahani nzima, maneno ya Kitabu chao, mwandiko wa kupendeza. Kisha akamimina maji, maandishi yakayeyuka, maji yakawa rangi ya dhahabu. Mtoto akanywa. Uweso akaniambia hilo linaitwa kombe, wakubwa zao wanafanya hivyo tangu zamani. Mimi ni Mlutheri wa kutoka milimani, sijapata kuona jambo kama hilo. Haikupita saa, mtoto kaomba pilau.

Nikamwuliza maalim, kwa adabu, kama kombe linamfaa na mwanafunzi. Akasema watoto wa chuoni kwake walio wazito wa kuhifadhi huandikiwa pia. Moyo wangu uliruka. Aliendelea kusema mengine, lakini mimi nilikwishapata nilichokitaka. Njiani Uweso kaniambia yale mengine ndiyo yaliyokuwa marefu: kwamba ni dua, na kwamba mtoto akishakunywa hurudi jamvini akasoma kama kawaida.

Nimemwambia kila mtu ana njia yake. Miaka yote nimejaribu kuiingiza Jiografia kwa macho, haikuingia. Kwa masikio, haikuingia. Lakini mdomo wangu haujawahi kukataa kitu.

Alhamisi, 11 Novemba

Nimeanza. Uweso kanigombeza nusu saa nzima. Kasema kombe si dawa ya kubahatisha, ni maneno ya Mungu yaliyoandikwa na mtu msafi kwa nia safi, nami nataka kuandika maneno ya Mwalimu Asheri. Nimemjibu kwamba sitagusa hata herufi moja ya dini yake, na kwamba Mwalimu Asheri naye ni mtu wa heshima. Kasema basi ninywe, ila nikifa nisimtaje.

Zafarani ghali. Nimechukua wino wa unga wa chuo, ule wa buluu unaokorogwa kwa ajili ya vidau vya darasani. Ni wino wa Serikali, hauwezi kuwa na madhara.

Daftari langu la Jiografia lina picha ya samaki, jina langu mara thelathini na maneno “Sura ya Kwanza.” Nimemwomba Ernesti lake. Kanipa bila swali. Tena kaniambia nikikwama nimwulize. Mtu mjanja sana huyu, sijui anataka nini.

Taabu ikawa moja. Daftari la Ernesti lina kurasa tisini na sita, na sahani ni ndogo. Hapo nilitumia akili. Nilisoma ukurasa mzima, nikatafuta neno moja au mawili yenye nguvu, maji mengine nikayamwaga. Nikasoma tena kuhakikisha sikuacha lenye nguvu zaidi. Kazi ya kuchosha! Lakini huwezi kunywa kitu usichokichuja. Mpaka jioni nimepanga Jiografia yote ya mwaka katika sahani kumi na nne. Sahani ya kwanza: mito. Ya pili: mvua na milima. Ya tatu: mazao. Na kuendelea.

Sahani zenyewe, zile nyeupe za bati zenye ukingo wa buluu, nimezitoa jikoni mbili mbili chini ya shati. Ningeweza kutumia moja nikaiosha, lakini sikutaka Ulaya ikae mahali ilipokaa Afrika Mashariki.

Nimekunywa mito. Ladha ya msumari.

Jumamosi, 13 Novemba

Sahani sita zimeingia. Ulimi wa buluu. Meno ya buluu. Nikicheka watu wanarudi nyuma.

Leo balaa. Nimekunywa sahani ya kwanza mara ya pili ili iimarike, ndipo nikaona, maji yakiwa yamekwisha kupita kooni, kwamba nilikuwa nimeandika Mto Naili unatiririka kwenda kusini. Kosa limo tumboni! Nimekunywa maji ya chumvi ili nilitapike, halikutoka. Uweso kasema sasa nitatembea na Naili ya kinyume mpaka kiama. Nikafikiri sana. Dawa ya uwongo mmoja ni kweli nyingi. Nimeandika mara tano, sahani tano, kwamba Naili inatoka Ziwa Viktoria inakwenda kaskazini mpaka Bahari ya Mediterania, na nimezinywa zote tano. Tano kwa moja, kosa haliwezi kusimama.

Na tangu leo ni sheria: nikikosea neno moja, naandika lile la kweli mara tano. Nimekosea mara saba mpaka jioni. Kidole cha kati kimeota sugu.

Ratiba ya rangi tatu nimeigeuza nyuma, natumia kujaribia nibu.

Jumanne, 16 Novemba

Jikoni kumechafuka. Mpishi wetu, Safari, mtu wa hasira fupi na mwiko mrefu, kahesabu sahani akakuta kumi na nne hazipo. Mchana wanafunzi kumi na wanne wamekula ugali kwenye majani ya mgomba. Ernesti alikuwa mmoja wao. Kaniangalia, kisha kaangalia chini ya kitanda changu, akala ugali wake. Hakunisema! Nina hakika anangoja siku kubwa zaidi.

Nimepiga hatua kubwa. Sahani kumi na nne zote zimeingia mara moja, na zile nne ngumu mara mbili. Nimelala chali baada ya chakula ili elimu ijipange. Tumbo linanguruma kwa sauti ya mtu anayesoma.

Alhamisi, 18 Novemba

Nimeangamia.

Asubuhi tulikuwa mstarini tunaimba. Bwana Mkuu anapita. Nikafungua kinywa pale wimbo unapopanda juu, Bwana Mkuu akasimama. Akaniambia toa ulimi. Nikatoa. Akarudi hatua mbili, akawaambia wenzangu wa kulia na kushoto wasogee. Hajapata kuona ulimi wa namna hiyo toka aje Afrika. Akauliza kama kuna wengine katika familia yetu. Ningeweza kusema ukweli, lakini ukweli ulikuwa na sahani za Serikali, na wino wa Serikali, na Safari amesimama mlangoni na mwiko. Nikasema nadhani ni maji ya pwani, sisi watu wa milimani hatujayazoea.

Nikapelekwa kwa dresa, mtu wa dawa wa zahanati ya chuo. Dresa kanitazama, kanigonga mgongo, kanivuta kope. Kasema hajui ni nini, lakini kwa kitu asichokijua dawa yake ni haluli, ile ya kuharisha. Akakoroga bilauri nzima! Nikamwomba, nikamshika mkono, nikamwambia ndani mwangu mna vitu vya thamani. Kasema wote wanasema hivyo. Wakanishika wawili, nikanywa.

Sitaandika habari ya mchana huu. Nitasema tu kwamba imetoka yote. Afrika Mashariki imetoka, Ulaya imetoka, mvua imetoka kwa kishindo. Nimekaa kwenye kijumba cha nyuma nalia kweli kweli, machozi, kwa sababu ya Mama. Siku nne zimebaki na mimi ni mtupu.

Ijumaa, 19 Novemba

Nimewekwa chumba cha wagonjwa peke yangu mpaka Jumatatu, nisimwambukize mtu. Hakuna dirisha la kuangalia barabara, hakuna wa kuzungumza naye. Kitanda, meza, kiti.

Nimekata shauri. Kilichotoka kinaweza kurudi. Uweso kaniletea sahani kumi na nne kupitia dirisha la nyuma, moja moja, kila moja na lawama yake. Kaleta kidau cha wino, na daftari la Ernesti. Ndani ya daftari Ernesti katia karatasi: milima yote ya Tanganyika kwa mpangilio, na ameandika pole. Najaribu kuielewa hila hii, siielewi.

Nimeandika kutwa. Naanza upya tangu sahani ya kwanza. Ajabu moja: nimeandika sahani ya mito bila kufungua daftari. Nadhani ni mabaki, kitu kidogo kilichoganda kwenye kuta za tumbo. Haluli haikufika kila mahali. Mungu mkubwa.

Jumapili, 21 Novemba

Kumi na nne zimerudi. Nimeziandika zote kwa kichwa, maana daftari Ernesti kalichukua jana, naye anataka kusoma, ubinafsi gani huo. Penye shaka nilimwuliza kwa kupitia dirishani, akanisahihisha, nikaandika mara tano. Mwandiko wangu umekuwa mzuri. Sijapata kuwa na mwandiko mzuri.

Dresa kapita na bilauri kuniuliza naendeleaje. Nimemwonyesha ulimi kwa mbali, gizani, nikasema nimepona. Nimeahidi kutokunywa maji ya pwani.

Naogopa. Nasema wazi, maana hapa hakuna anayesoma: naogopa sana. Nimemwota Mama anaitwa Dorkasi.

Jumatatu, 22 Novemba

Mtihani wa Jiografia, wa kwanza kabisa, saa mbili asubuhi. Nimekaa, nimegeuza karatasi, nimeona maswali. Hakuna kilichopanda. Hata tone. Nikaelewa: wino uko tumboni na maswali yako kichwani. Nikalaza kifua mezani, kichwa kikaning'inia chini ya ukingo, ili wino uteremke. Mwalimu Asheri kaja kaniuliza kwa upole kama nimelala. Nimesema nangojea.

Kisha ukafika. Swali la kwanza lilikuwa la Mto Pangani, nao ulikuwa sahani ya kwanza, upande wa kulia, pale rangi ilipobanduka: maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, unapita, unaingia baharini Pangani. Nilipouandika huo, wa pili ukaja wenyewe. Naili, kaskazini, kaskazini, kaskazini, kaskazini, kaskazini. Mvua za milima ya Usambara zilikuwa katikati ya sahani ya pili, nami nimezaliwa humo nisijue kwa nini inanyesha! Nilisikia wino ukitoka tumboni, ukipita bega, ukishuka mkononi mpaka kwenye nibu. Niliomba karatasi nyingine. Mwalimu Asheri akadhani nataka ya kufutia jasho. Nikaomba ya tatu.

Nimetoka nimechoka, mwepesi. Nimemwambia Uweso kwamba sasa sina kitu tena ndani, nimeandika mpaka tone la mwisho. Kasema asinione nikinywa hata chai mbele yake.

Jumatatu, 29 Novemba

Matokeo yamebandikwa saa nne. Nilimtuma Uweso aangalie, mimi nikasimama nyuma ya jiko nimefumba macho. Akarudi polepole. Akaniuliza kama ninaitwa Eliudi Manase au yuko mwingine. Jiografia, sabini na nne kwa mia. Mtu wa nne kati ya thelathini! Nimekaa chini hapo hapo kwenye majivu, nimelia, na Safari kanipa ukoko bila kutaja sahani.

Ernesti wa kwanza, tisini na moja. Kaja kunipa mkono. Kaniambia kamwandikia baba yake asiniwekee tena ile nafasi ya korona, na awaambie mzee Manase na Mama Mwalimu mara barua ikifika. Nimemwambia asivunjike moyo. Kasoma mwaka mzima, kila alfajiri, kwa ajili ya alama kumi na saba tu kunizidi mimi niliyekunywa siku kumi na moja. Kacheka. Ndivyo walivyo, wakishindwa hucheka.

Mwalimu Asheri kaniita ofisini. Kaniuliza nimefanya nini. Nimemweleza yote, wino, sahani, haluli, maana mtu akishapita hana haja ya kuogopa. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kauliza: kwa hiyo ulisoma kurasa tisini na sita ukazifupisha mwenyewe? Nikasema ndiyo, nikazinywa. Na ukaziandika zote mara mbili, na ngumu mara tatu? Nikasema ndiyo, nikazinywa. Na kila ulipokosea ukaandika lililo kweli mara tano? Nikasema ndiyo, bwana mwalimu, na zote tano nikazinywa. Mwalimu Asheri akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema, “Eliudi, mwaka wa pili fanya hivyo hivyo kabisa. Usipunguze kitu. Ila usinywe.”

Nimetoka nikimsikitikia. Mtu amesoma vile, kaelezwa habari ya wino kwa dakika ishirini, na kitu pekee anachotaka kukitoa ni wino!

Hata hivyo njia yangu inahitaji marekebisho, nami si mtu wa kuridhika na kidogo. Nimekaa jioni nzima nikiipima. Kunywa hakuna taabu, ni nukta moja. Kilichonila siku, kilichonipa sugu, kilichonikosesha usingizi na kunikondesha ni kule kuandika. Kusoma, kuchuja, kuandika, kukosea, kuandika tena. Faida yake siioni. Mwaka wa pili masomo yanaongezeka, na muda wa kupoteza kwa kalamu sitakuwa nao.

Nimeshamwomba Ernesti madaftari yake yote ya mwaka ujao, na kesho namwona Safari anikopeshe sufuria. Nitayachemsha mazima, na majalada yake.